Muulize Mtendaji: "Mimi ni mpangaji tu, mwenyekiti wa mtaa ananihusu nini?"

Tangu Novemba 2024 barua za uchaguzi wa serikali za mitaa hazijakoma kuingia mezani kwangu. Nilidhani zitapoa baada ya Krismasi, kumbe ndiyo kwanza zinachemka. Kwa hiyo safari hii migogoro ya mipaka na mirathi nimeiweka kando. Yule mama mwenye shemeji aliyehamisha mipapai ya mpakani, barua yako nimeisoma, nivumilie hadi toleo lijalo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni afisa mtendaji wa mtaa mstaafu. Nilikaa kwenye kile kiti cha mbao miaka ishirini na miwili, mitaa minne, mikoa miwili. Mwenyekiti huchaguliwa, mtendaji huajiriwa na halmashauri, kwa hiyo wenyeviti wamekuja na kupita mbele yangu kama abiria wa daladala. Nimewaona wa kila aina.

Shikamoo mama. Naishi Kihonda, Morogoro, nimepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji sita. Tarehe 27 Novemba ilikuwa mapumziko, basi tukafua, tukapika, tukalala. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kupiga kura. Mimi nilipita kituoni saa tano nikienda dukani, nikakuta makarani wanapiga stori na mawakala wanasinzia. Usiku naangalia taarifa ya habari, nasikia wananchi wamejitokeza kwa wingi. Naomba kuuliza mawili. Mpangaji anahusika vipi na mwenyekiti wa mtaa? Na huo wingi ulikuwa wapi? — Mpangaji, Kihonda

Marahaba mwanangu. Naanza na la pili, maana hilo linahitaji hesabu na mimi hesabu naifanya asubuhi kabla jua halijawa kali.

Uchaguzi wa serikali za mitaa una daftari lake. Huandikwa upya kila uchaguzi, na safari hii liliandikwa kwa siku kumi, tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024. TAMISEMI, ile ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa, ilitangaza kwamba walioandikishwa ni watu 31,282,331, yaani asilimia 94.83 ya lengo la watu 32,987,579. Vyama vya upinzani vilizitilia shaka hesabu hizo, serikali ikazisimamia. Ninachotaka wewe ukione ni jinsi asilimia inavyopikwa. Siku ya kura, mahudhurio hugawanywa kwa idadi ya waliomo daftarini. Hayagawanywi kwa idadi ya watu wazima wanaolala mtaani. Sasa niambie, nyinyi sita mlijiandikisha mwezi Oktoba? Kama hamkujiandikisha, basi kwa hesabu ya kituo hamkukosekana. Hamkuwepo. Mtaa wenye watu wazima elfu mbili na majina mia nne daftarini, wakija mia tatu na hamsini, unaambiwa mwitikio ni mzuri sana, na karani aliyekuwa anapiga stori saa tano hajadanganya mtu.

Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya mtaa wako, achana na taarifa ya habari. Karatasi ya matokeo hubandikwa kituoni. Nenda kaisome: walioandikishwa, waliopiga, zilizoharibika. Halafu hesabu nyumba za mtaa wako kwa macho. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na sijawahi kuona watu watatu wamesimama mbele ya karatasi ile kwa wakati mmoja.

Wapo wanaoniandikia kwamba Watanzania ni wavivu wa kura. Mimi nakataa. Tazama uchaguzi mkuu: mwaka 2005 walipiga kura asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 wakashuka hadi 43. Mwaka 2015 wakapanda hadi 67, na 2020 wakarudi kama 51. Uvivu haupandi na kushuka namna hiyo. Ni watu walewale, na wengine ni wapiga kura niliowaandika kwa mkono wangu. Mwaka 2015 walitoka kwa sababu waliona pana ushindani wa kweli na hawakujua nani ataibuka. Mtu akijua mechi ina matokeo tayari, hakati tiketi.

Sasa swali lako la kwanza. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Sheria haisemi mwenye nyumba, inasema mkazi. Wewe ni raia, umetimiza miaka kumi na minane, una akili timamu, unaishi pale, umejiandikisha: basi. Hati ya kiwanja haiulizwi. Lakini nakuelewa, kwa sababu wapangaji wengi niliowahi kuwahudumia waliniambia neno lilelile: "Mimi hapa napita tu." Mmoja aliniambia hivyo mwaka wa tisa akiwa chumba kilekile.

Nikupe kisa. Usiku mmoja, saa tano na nusu, kijana wa bodaboda alinigongea nyumbani. Mdogo wake amekamatwa, anatakiwa mtu wa kumdhamini na barua ya kumtambulisha. Nikavaa kitenge, nikamwambia twende kwa mwenyekiti. Tulimkuta bado hajalala, amekaa kibarazani na redio. Yule kijana akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona, "Mama, huyu mzee anaweza kutupeleka kwa mwenyekiti?" Alikuwa akimpita mzee yule kila asubuhi kwa miaka mitatu. Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwandikia. Asubuhi yake yule kijana alikuja ofisini na soda mbili. Uchaguzi uliofuata nilimtafuta kwenye daftari. Hakuwemo.

Hebu hesabu mwenyewe. Barua ya utambulisho ya kitambulisho cha taifa ilitoka wapi? Ya kufungua akaunti ya benki? Kikundi chenu cha akina mama mkiitaka ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, karatasi inaanzia mtaani. Kaya maskini za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia maskini, huibuliwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, na nimeshuhudia bibi asiye na kuku wala mtoto akiachwa kwa sababu siku ya mkutano hakuwepo mtu wa kumtaja. Ulinzi shirikishi, hela ya taka, mfereji unaomwaga maji mlangoni kwa jirani, tangazo la msiba. Yote hayo ni mtaa. Mbunge wako hutamuona saa tano na nusu usiku.

Sasa naungama, maana ukurasa huu nauandika na sikio langu la kushoto linawaka. Sisi watendaji tulichangia. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa angalau kila miezi mitatu, na mtaani nako ipo mikutano ya wakazi, ambapo mapato na matumizi husomwa hadharani. Katika mtaa wangu wa pili mikutano ilikuwa inahudhuriwa na watu kumi na wanane, ishirini, na kati yao sita ni watoto waliofuata kipaza sauti. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mkutano wa watu kumi na wanane unaisha kabla ya adhuhuri. Hakuna wa kuuliza fedha za madawati. Daftari la mahudhurio tulikuwa tunalizungusha baadaye nyumba kwa nyumba, mtu anatia saini mlangoni huku anageuza chapati, hajui hata ajenda ilikuwa nini. Muhtasari ukienda kata unaonekana mzuri: waliohudhuria mia moja na ishirini.

Siku moja kupitia muhtasari wa namna hiyo ukapita uamuzi wa kiwanja cha wazi, pale watoto walipokuwa wanachezea mpira. Mwaka uliofuata pakaota fremu za maduka. Watu wakaja juu, wakaja ofisini na hasira zao zote, na mimi nikawaonyesha saini zao. Mama mmoja aliitazama saini yake muda mrefu. Hakusema kitu. Aliondoka, na hajanisalimia hadi leo ninapoandika, na nyumba zetu zinapakana.

Ndiyo maana mtu akiniuliza mbona vituo vitupu Novemba, mimi namuuliza mkutano wa mwisho mtaani kwenu ulikuwa lini. Kituo ni siku moja katika miaka mitano. Watu waliozoea kwamba mtaa hauwaiti, au unawaita kutia saini chapati ikiwa motoni, hawawezi kuamka tarehe 27 wakajiona wenyewe ndio wenye mtaa.

Ila wewe na wenzako watano msijifiche nyuma ya mama mzee aliyeungama. Mkutano ujao nendeni, hata wawili. Kaeni mbele. Ulizeni hela ya taka inakwenda wapi.

Mimi ni mzee wa Tanga, nina kadi yangu ya mpiga kura tangu 2015, imewekwa plastiki na haina doa. Nilikwenda nayo kituoni Novemba, binti mdogo akaniambia jina langu halimo. Nikamwonyesha kadi, akasema hii siyo ya huku. Nilirudi nyumbani nimefedheheka. Hii ni haki? — Mzee wa Kadi, Tanga

Pole mzee mwenzangu. Binti alikuwa sahihi kwa kanuni, ingawa angeweza kukuambia akiwa amesimama.

Ile kadi ni ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalotunzwa na Tume ya Uchaguzi, na ndilo la kuchagua rais, mbunge na diwani. La mwenyekiti wa mtaa, kijiji na kitongoji ni jingine, limeandikwa mwezi mmoja kabla na TAMISEMI, na halina kadi. Unakwenda, unataja jina, karani anaandika, unatia saini, umekwisha. Mwenye kadi asiyejiandikisha Oktoba hapigi. Asiye na kadi aliyejiandikisha anapiga.

Nimeliona kosa hili uchaguzi hadi uchaguzi, na wanaoanguka humo mara nyingi ndio raia wazuri kabisa, wale wanaotunza karatasi zao. Magari ya matangazo hupita yakisema "jitokezeni kujiandikisha", na mtu kama wewe anajiambia, mimi nilishajiandikisha, hilo ni la vijana. Kama ningeachiwa kipaza sauti kile kwa dakika tano ningesema sentensi moja tu, nairudia: hata wewe mwenye kadi, njoo. Kadi yako itunze, kazi yake ipo Oktoba ya uchaguzi mkuu.

Kijijini kwetu, wilaya ya Mvomero, mwaka 2019 mwenyekiti alipita bila kupingwa. Mwaka 2024 jina lake likawa peke yake tena. Watu wakasema, tukapige kura ya nini wakati mshindi tunamjua? Nami sikwenda. Mke wangu alikwenda, akarudi ananicheka. Nani mjinga kati yetu? — Bw. S., Mvomero

Masuala ya nani mjinga ndani ya nyumba siingilii, nimeolewa miaka thelathini na nne.

Lakini kuna tofauti kati ya miaka hiyo miwili ambayo huenda mkeo aliijua na wewe hukuijua. Mwaka 2019, uchaguzi wa tarehe 24 Novemba, mgombea aliyebaki peke yake alitangazwa amepita, na sanduku halikuwekwa. CHADEMA na vyama vingine kadhaa vilijitoa vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2024 kanuni zilibadilishwa. Mgombea pekee alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Kwa hiyo mkeo alikuwa na cha kufanya kwenye kile chumba. Aliweka alama gani, hiyo ni siri yake, na usimuulize wakati wa chakula.

Haya. Hapo nimejibu kama mwenye kanuni mkononi. Sasa nijibu kama mtu. Ndiyo na hapana ni bora kuliko kimya, ila si sawa na kuchagua. Malalamiko ya wagombea kuenguliwa yalirudi tena 2024: jina limekosewa herufi, fomu haina mhuri, mdhamini hakutia saini mahali pake. Nimeshika fomu hizo mimi. Ni kurasa ambazo mwalimu mwenyewe anaweza kuzikosea. Karani mwenye nia njema anamwita mgombea, anamwambia mwanangu hapa umesahau, jaza. Karani mwenye nia nyingine anasubiri saa kumi jioni ipite.

Na shida haianzii kwa karani. Wanaosimamia ni watumishi wa halmashauri, watu kama nilivyokuwa mimi, ambao kesho yake wanarudi kufanya kazi na huyohuyo mshindi, na mabosi wao ni wateule. Sheria mpya ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Na. 2 ya 2024, iliitaja kazi ya kusimamia uchaguzi huu miongoni mwa kazi za Tume, kwa masharti ya sheria itakayotungwa na Bunge. Sheria hiyo haikutungwa kwa wakati, TAMISEMI ikaendelea, wananchi wakaenda Mahakama Kuu kupinga na hawakufanikiwa. Mimi ningefurahi siku moja nimkute mtendaji amekaa nyumbani kwake siku ya uchaguzi, anakunywa chai na anasubiri kwenda kupanga foleni kama wengine. Angepiga kura kwa raha, na wanaomtazama wangepiga kwa raha zaidi.

Nikumbushe pia kwamba watu hukatishwa tamaa na mambo madogo kuliko siasa. Tarehe 14 Desemba 2014, Jumapili, sehemu mbalimbali za nchi vifaa vilichelewa au karatasi zikawa na makosa, na huko kura zikasogezwa wiki moja mbele. Kwenye kituo nilichokuwa, Jumapili ya kwanza foleni ilifika hadi kwenye mwembe. Wamama walikuja na watoto mgongoni na mikeka. Saa nane tukawaambia rudini nyumbani. Jumapili ya pili vifaa vilikuwepo vyote, kalamu mpya, wino, sanduku limefungwa vizuri, na foleni ilifika mlangoni. Mwembe ulibaki na mbuzi.

Mama mtendaji, nina miaka 24, nimemaliza chuo, nipo nyumbani Singida. Nataka kugombea uenyekiti wa kitongoji 2029 lakini sitaki chama chochote. Inawezekana? — Kijana Huru

Kwa sasa haiwezekani. Mgombea awe na miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa pale, na adhaminiwe na chama cha siasa. Hata nafasi ya ujumbe ni hivyohivyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kuzuia mgombea binafsi kunakiuka haki. Uamuzi upo. Utekelezaji wake bado.

Nakushauri usikae hadi 2029 ukisubiri sheria. Kamati ya shule haiulizi chama. Jumuiya ya watumia maji haiulizi chama. Ulinzi shirikishi hauulizi chama, unauliza kama unaweza kukesha. Na kama kijiji chenu kina ardhi ya kugawa, kumbuka Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Kwenye mkutano ule mwenye miaka kumi na minane ana sauti sawa na mwenyekiti. Kijana mmoja msomi anayeuliza "naomba kuona muhtasari" anawatia watendaji jasho kuliko vyama vitatu. Nasema ninachokijua.

Dada, salamu kutoka Reading, Uingereza. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nina pasipoti ya Tanzania tu. Nimeletewa barua inasema nijiandikishe kupiga kura za halmashauri ya hapa. Nimeitupa, nikidhani ni utapeli. Mwenzangu ananiambia ni kweli. Je, nchi gani inamwita mgeni apige kura? Na wenyewe mbona hawaendi? — Mama Neema, Reading

Mdogo wangu, kaitoe kwenye pipa. Ni kweli. Uingereza inawaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi pale kihalali kupiga kura, za halmashauri na hata za Bunge, na Tanzania ni mwanachama. Tangu Mei 2023 kituoni unatakiwa uonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, kwa hiyo hiyo yako inatosha. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Hapo nawaonea wivu. Sisi tulifungua saa mbili tukafunga saa kumi jioni, na mama ntilie wa stendi saa kumi jioni ndiyo anaosha sufuria la mwisho. Zamu yako ya usiku au ya mchana, utapata nafasi.

Kwamba wenyewe hawaendi, ni kweli pia. Chaguzi zao za halmashauri mara nyingi hupata kama theluthi moja ya walioandikishwa, na kule sijasikia mgombea akienguliwa kwa kukosea herufi. Novemba 2012 waliitwa kuchagua makamishna wa kusimamia polisi wa maeneo yao, cheo kipya ambacho wengi hawakukielewa. Walikwenda asilimia 15 tu. Kituo kimoja cha Bettws, mji wa Newport huko Wales, hakikupata mpiga kura hata mmoja kutwa nzima. Sifuri! Nafikiria wale makarani, tangu saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, kwenye baridi ile, wanatazamana. Mimi angalau nilikuwa na mbuzi.

Kwa hiyo ugonjwa huu hauna rangi. Mtu asipoelewa cheo kinafanya nini, hatoki nyumbani, awe Kihonda au Newport. Lakini wewe unayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee unajua halmashauri ya pale inafanya nini, maana kuwahudumia wazee ni moja ya kazi zake kubwa, na bajeti ikikatwa unaiona kwenye zamu zako. Uchaguzi ukifika, nenda. Kisha uniandikie ulikuta watu wangapi.

Mama, unatusema sana. Wewe mwenyewe ulipiga kura Novemba? — Msomaji wako, Korogwe

Nilijua kuna mtu ataniuliza, na nilijua atatoka Korogwe.

Nilijiandikisha siku ya pili, tarehe 12 Oktoba, na nilimburuta mume wangu. Usiku wa kuamkia tarehe 27 nikapigiwa simu kwamba shangazi yangu amefariki, Muheza. Kura hii haipigwi popote ila ulipoandikishwa. Nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, wakati kituo chetu bado kimefungwa na karani ndiyo anafika na baiskeli, akanipungia mkono. Tulizika baada ya adhuhuri. Saa kumi na dakika tano mume wangu akanitumia ujumbe: "Wamefunga. Nimepiga. Karani amekuulizia."